Fundi Subiri-Ipoe na Hewa Iliyobaki Kwenye Gari Jekundu

Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, fundi tunayemwita Subiri-Ipoe atarudisha ovaroli na ufunguo wa kabati lake. Atakuwa ameitumikia karakana hii miaka thelathini na moja na miezi minne, pungufu ya siku moja. Ishirini na miwili ya mwanzo alikuwa fundi wa injini. Iliyobaki aliimalizia kwenye kona ya magurudumu, na sababu yake itaelezwa hapa, kwa kuwa haijapata kuelezwa popote.

Jina alilipata wiki yake ya kwanza. Dereva mmoja mwenye haraka zake alitaka kufungua mfuniko wa rejeta maji yakiwa bado yanatokota. Fundi alisimama kati yake na gari, akamwambia, "Subiri ipoe, ndugu yangu. Uso wako hauna spea." Dereva alinuna, lakini uso anao hadi leo.

Gari likichemsha, wengi wetu huanza kwa kubadilisha vitu. Yeye alianza kwa kuuliza. Linachemsha likiwa kwenye foleni, au likiwa kwenye mwendo? Kama ni kwenye foleni tu, aliangalia feni na mkanda wake. Kama ni kwenye mwendo, aliipapasa rejeta kwa kiganja akitafuta sehemu zilizo baridi, maana hapo ndipo ilipoziba. Thamostati aliitumbukiza kwenye sufuria ya chai ya wafanyakazi ili aone kama itafunguka maji yakipata moto. Chai ya siku hiyo ilikuwa na ladha ya kutu, na mama wa chai alimnyima sukari wiki nzima. Hakuwahi kubadilisha kifaa kizima ili apate kukijua kibovu.

Alhamisi tarehe 14 Agosti, miaka tisa iliyopita, Mkurugenzi alileta gari lake jekundu la michezo, la viti viwili, lenye umri mkubwa kuliko nusu ya wafanyakazi. Lilikuwa likichemsha kila baada ya dakika ishirini. Kufikia Ijumaa mchana Fundi alikwisha kuikuta thamostati imekwama, akachukua mpya stoo na kuifunga. Lakini alikataa kulitoa. Gari lile lina pua ndefu iliyolala chini, na rejeta yake iko chini kuliko injini. Ukilijaza maji likiwa limesimama sawasawa, hewa hujificha juu ya injini na haitoki. Ni lazima pua inyanyuliwe kwa jeki, lijazwe polepole, liungurume, lipoe, kisha lijazwe tena. Aliinyanyua mara moja, akaona mapovu bado yanatoka. Akaandika chini ya kadi ya kazi: "Hewa bado imo. Lisitoke. Nitalinyanyua tena Jumatatu likiwa baridi. Geji isiaminiwe." Akatia sahihi.

Jumamosi hakuwepo. Alikuwa ameomba ruhusa, akapewa, ili ampeleke mkewe kliniki ya macho. Msimamizi wa karakana aliwasha gari, akaona mshale wa geji ya joto umelala pazuri, akacheka. "Limepona hili. Mzee anataka kulilea kama mjukuu." Saa nne asubuhi akamkabidhi Mkurugenzi ufunguo.

Kilomita thelathini mbele, maji yalichemka. Mkurugenzi hakusimama, kwa sababu geji ilimwambia injini ni baridi. Kipimo cha geji kilikuwa kimezungukwa na hewa badala ya maji, na hewa haisemi kweli. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilipinda kwa joto.

Kikao cha Jumatatu kilichukua dakika kumi na tano. Kadi ya kazi haikuonekana. Ilisemwa kwamba Fundi aliacha kazi nusu akaenda zake. Alipotaka kueleza, Msimamizi alimkatiza: "Mzee, gari limekufa, wewe unatuletea habari za mapovu!" Watu walicheka. Alipewa barua ya onyo la mwisho, akahamishiwa magurudumu siku ileile. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wote tuliokuwa kwenye kikao kile tuliuona mwepesi.

Huko magurudumu hakununa. Alichora mstari wa chaki ukutani kwa kila gurudumu lililorudi na nati iliyolegea, na katika miaka tisa ile mistari haikufika kumi. Lakini mara tatu aliandika barua ofisini akiomba jambo moja tu: onyo lile litolewe kwenye faili lake kabla hajastaafu. Hakutaka, alivyoandika, wajukuu wake waje kurithi karatasi inayosema babu yao alikimbia kazi. Mara tatu alijibiwa kwamba suala lilikwisha kufungwa.

Mwezi huu gari jekundu lilirudi, na ugonjwa wake uleule. Mafundi watatu walilishughulikia siku tisa. Walibadilisha pampu ya maji, rejeta na feni, na bado lilichemsha. Jumatatu tarehe 12 Msimamizi mwenyewe alitembea hadi kona ya magurudumu. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hapa ni magurudumu, bwana mkubwa. Injini ni mlango wa pili." Watu waliinamisha vichwa. Halafu akanawa mikono, akaenda. Aligusa mpira wa maji wa juu wa rejeta, akagusa wa chini, akaomba jeki. Pua ikanyanyuliwa. Hewa ilitoka ikikoroma kama mtu aliyelala chali. Akasubiri lipoe, akajaza tena, akarudi kwenye gurudumu aliloliacha. Ijumaa yake Mkurugenzi alikishukuru kikosi kizima cha injini. Jina la Fundi halikutajwa.

Kwa kanuni yetu, kadi ya kazi ina nakala ya waridi inayoletwa stoo jioni, kadi ikishaandikwa, kila kifaa kipya kinapochukuliwa. Thamostati ile ilichukuliwa stoo. Nakala yake ipo tangu siku hiyo, na maneno ya mkono wa Fundi yanasomeka yote, pamoja na sahihi. Mtunza stoo, ambaye ndiye anayeandika haya, alikuwa nayo mfukoni kwenye kikao kile. Hakuulizwa, naye hakusema. Ameichapisha ukurasa unaofuata.

Hafla ya kumuaga itaanza saa nane, na faili lake litafungwa saa kumi. Saa mbili zinatosha kutoa karatasi moja na kuingiza nyingine.

Fundi, asante kwa kila gari lililofika salama bila mwenye gari kujua ni kwa nini. Utusamehe ukiweza. Tunakutakia wewe na mama afya njema, macho yanayoona mbali, na asubuhi ambazo hakuna wa kukuharakisha.