Habari Tuliyomwekea Evaristi Niyomwungere

Baba Paroko, majirani wa Busunzu, na wageni mliotoka Murungu, Kasulu na mbali zaidi, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Laurent, mtoto wa dada yake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mjomba wangu, nami nitayasoma yote, hata pale ambapo sisi wenyewe tulikosea.

Marehemu Evaristi Niyomwungere alizaliwa hapa Busunzu, wilayani Kibondo, tarehe 17 Juni 1974, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Reverien, aliyetutoka mwaka 1989, na bibi Pelagia, mkulima wa mihogo na maharage. Mtoto wa kwanza ni mama yangu, Ernesta, huyu aliyeketi karibu na jeneza.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1982 hadi 1988, ambako inasemekana mwalimu wa hesabu aliomba uhamisho kwa kuchoka kusahihishwa, kisha akasoma sekondari mjini Kasulu, akamaliza kidato cha sita Tabora mwaka 1995, na mwaka 1999 akahitimu shahada ya hisabati Dar es Salaam. Alirudi Kasulu kufundisha hadi Agosti 2003, alipopata ufadhili wa kwenda kusoma Bergen, nchini Norwei, akahitimu uzamivu mwaka 2008 na kubaki huko kama mhadhiri.

Kazi yake ilikuwa hesabu za mafundo, yaani kujua kwa hesabu tu ni fundo lipi linaweza kufunguka bila kukata kamba, na alipomweleza mama yake wakati wa likizo ya mwaka 2009, bibi alimwuliza kama Wazungu wamekosa mtu wa kuwafungulia mbuzi, naye akacheka mpaka akatoka nje. Mwaka 2016 alithibitisha jambo lililowashinda wenzake kwa miaka mingi, akatutumia chapisho lake, tukalipitisha mkono kwa mkono, tukaambulia kusoma jina tu. Hapa nyumbani hakuwepo wa kuzungumza naye kazi yake, na huko tuliamini hakuwepo wa kuzungumza naye habari za hapa, na jambo hilo lilituuma.

Marehemu hakuoa wala hakujaliwa mtoto. Kila Jumapili baada ya misa alipiga simu ya mama yangu, wakasalimiana, kisha akaongea na bibi kwa Kiha, muda mrefu kuliko walivyowahi kuongea walipoishi nyumba moja.

Sasa nasoma yale ambayo mama yangu ameagiza yasirukwe. Alhamisi ya tarehe 11 Agosti 2022 bibi Pelagia alifariki, nasi hatukumwambia marehemu, kwa kuwa kwetu mtu aliye peke yake ugenini haambiwi kifo cha mzazi kwa simu, hutumwa mtu akafika, akakaa naye, akala naye, ndipo akasema, na Bergen hatukuwa na wa kumtuma. Tulikubaliana kumsubiri likizo ya Krismasi, na Jumapili iliyofuata mama yangu akamwambia masikio ya bibi yameziba, hasikii tena simu, nanyi majirani mkatusaidia kunyamaza.

Krismasi hiyo hakuja, kazi zilimbana, na Mei 2023 akagundulika kuwa na saratani ya ini, naye akatuambia ni mafua ya baridi, na kwa hilo hatuna uso wa kumlaumu. Kwa miaka miwili na nusu alisema, "Msalimie mama," mama yangu akajibu, "Zimefika," na kila simu ilipokatika aliingia jikoni kulia. Jumapili ya mwisho marehemu alisikika akihema, akasema amepanda ngazi. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, hospitalini Bergen, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Familia inawashukuru madaktari waliomhudumia, walimu wenzake waliogharimia safari hii, na majirani mliopika, mliochimba na mliokesha nasi. Tunamshukuru kipekee Bwana Haidari, mzaliwa wa Ujiji, mpishi katika chuo alichofundisha marehemu, aliyekula na marehemu kila Ijumaa kwa miaka kumi na mmoja na ndiye aliyemleta. Hatukujua kama yupo, maana hatukumwuliza marehemu hata siku moja anakula na nani. Tungemtuma yeye. Anasema mwaka huu wa mwisho marehemu hakumtaja kabisa mama yake, na kama alikuwa ameshajua, hatutajua.

Mama yangu aliahidi kumwambia uso kwa uso, lakini sauti imemwishia, kwa hiyo naomba niligeukie jeneza nimsemee.

Mjomba Evaristi, mama yako amefariki. Alifariki asubuhi, kitandani kwake, hakuteseka, alikuulizia, na tumekuchimbia ubavuni pake. Pole sana kwa msiba, mjomba, sasa pumzika.