Pakiti za Chumvi

Asiyeamini aende akatazame mtaro ulio nyuma ya nyumba ya kina Mtaalamu. Povu lipo mpaka leo. Hivyo ndivyo alivyoanza Mtaalamu mwenyewe, kijana wa nyumba hiyo, kakaa katikati ya benchi la kona kama mwenye benchi, kikombe cha kahawa mkononi. Shule aliiacha mapema, ila hajawahi kukubali kuwa kuna somo lililompita. Mama yake hutengeneza sabuni ya maji, na wiki iliyopita pipa zima, oda ya hospitali, liliharibika, likamwagwa mtaroni. Lawama alibebeshwa Mama Unga, rafiki wa mama yake kwa miaka ishirini, anayemuuzia unga wa kuifanya sabuni iwe nzito. Tangu siku hiyo hawasalimiani.

— Lita mia mbili, wazee, alisema Mtaalamu. Nzito kama asali. Kugeuka hivi, maji.

— Si wewe uliyekuwa ukikoroga? aliuliza Kinyozi.

— Ndiyo maana najua. Sikilizeni, ninyi mliosoma bure. Unga ule ni kamba ndefu zisizoonekana, na sabuni inazishikilia. Ukitia chumvi zinakumbatiana, mpaka mwiko unagoma. Kamba ikiwa mbovu, chumvi inaikunja, sabuni inaachia, kila mtu kivyake.

— Basi yule mama kachanganya chokaa, alisema Fundi Viatu. Nilimwona akipepeta kitu cheupe.

— Unga wote mweupe, baba, alisema Mtaalamu.

— Ule ulikuwa mweupe wa kuficha jambo.

— Mimi nasema kijicho, alidakia Kinyozi. Alipita mlangoni, akalitazama pipa, likalegea. Kuna watu wakikutazama hata ndevu hazioti.

— Kumbe upara wako una mwenyewe, alisema Fundi Viatu.

Wakacheka. Mtaalamu alicheka kuliko wote. Ng'ambo ya barabara Mama Unga alikuwa anafunga kibanda, na ilikuwa saa nne asubuhi tu. Tangu Jumatatu hakuna aliyenunua kwake.

Dobi, mgeni wa mtaa, aliyekuwa akisubiri kiatu chake, akauliza:

— Chumvi ilikuwa pakiti ngapi?

Fundi Viatu akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Mtaalamu.

— Mama alisema mbili, alisema Mtaalamu. Mwiko ukigoma, acha.

— Ukaacha?

Kule ng'ambo, kufuli lililia.

— Nilitaka mwiko usimame wenyewe, watu wakipita waseme huo ndio mkono wangu. Nikatia ya tatu, sabuni ikalegea. Nikadhani haijatosha. Nikatia ya nne, ya tano. Mama aliporudi, nikamwambia mbili.