Chama cha Makofi na Ulimi Wangu

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Wachungaji, mapadri na masheikh, mliokuja kuhakikisha hatuzindui dini mpya. Watumishi wa serikali mliotoka mikoa ya mbali mkaizoea baridi yetu. Ndugu zangu wa Kasulu, na ninyi wa Kibondo mliobanana nami kwenye basi tangu alfajiri: amahoro, amani kwenu!

Naitwa Reverien. Asiyenijua hajawahi kuingia kibanda cha video Kibondo. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, tusilaumiane. Lakini nimefika Bujumbura, nimefika Lubumbashi, na Dar es Salaam nimefika mara mbili, mara ya pili sikupotea. Kwa miaka kumi na tisa nimetafsiri kwa mdomo huu filamu za Wachina, Wahindi na Wakorea, na sijui neno moja la lugha zao. Nani mwingine katika mkoa huu anaweza kusema hivyo bila kuona aibu?

Leo tunazindua filamu ya Ildefonsi, mpiga picha za harusi wa hapa Kasulu, mdogo wangu wa hiari. Inaitwa Chama cha Makofi. Inajifanya taarifa ya kweli, kumbe ni mzaha tangu mwanzo hadi mwisho. Inadai sisi Waha tuna chama cha siri kinachoendesha dunia, kinachopanga mvua inyeshe lini na basi lipi liharibike wapi, na kwamba alama ya wanachama ni yale makofi tunayopigiana tukisalimiana. Odilia, anayecheza kama mwandishi wa habari, anawafuatilia mpaka kambi ya zamani ya Mtabila, kwenye misingi ya nyumba zilizoachwa tangu wakimbizi warudi kwao. Anasikia makofi porini. Anageuka: hakuna mtu. Anasikia tena, karibu zaidi. Mimi nilikunja miguu juu ya kiti, mimi niliyewatafsiria ninyi mazimwi ya kila taifa!

Ni filamu nzuri. Inaniuma kusema, kwa hiyo mjue ni kweli.

Ndugu wageni waalikwa, filamu ya namna hii huishi kwa msimulizi, ile sauti isiyo na sura. Nani aliistahili kazi hiyo? Ildefonsi alinijia akasema, "Kaka Reve, usikasirike. Sauti yako watu wameizoea. Ukisema siri, wanacheka kabla hujamaliza." Kazi akampa Léonard, muuza vitenge kutoka kambi ya Nyarugusu, Mkongomani anayesema taratibu: "Bandugu, hawa batu beko wengi. Beko hata mu nyumba yako." Akisema hivyo nywele zinasimama. Zangu nilikuwa nimenyoa, zikasimama hivyo hivyo.

Wivu mnaujua? Si ule wa mke na mume tu. Kuna wivu wa mtu anayejifungia bafuni akiigiza sauti ya mwenzake, mpaka mkewe anagonga mlango: "Baba Anifa, unaumwa?"

Naam, nilikuwa naumwa.

Mwezi uliopita ofisa mmoja, mgeni katika mkoa, cheo na ofisi yake naomba nivihifadhi, alikuja kibandani kwangu. Alikuwa ameona kipande cha filamu kwenye simu. Akavuta kiti, akaniuliza, "Mzee, hawa watu kweli wanapigiana makofi kila wakikutana. Nimewaona sokoni Mabamba. Ni nini kile?"

Jibu ni neno moja: salamu. Mtoto wa chekechea angelisema. Mimi nikatazama mlangoni, nikashusha sauti, sauti ile ile iliyokataliwa, nikamwambia, "Bosi, mimi nina watoto. Usiniulize."

Mungu wangu, niliigiza vizuri!

Ofisa akarudi Mabamba na daftari. Akawauliza bibi wawili wauza maharage, makofi yenu yana maana gani? Mmoja akamjibu kwa salamu yetu ya asubuhi, "Bwakeye, mwanangu." Akaandika: neno la siri ni bwakeye. Ildefonsi akaitwa ofisini mara mbili, amtaje mwenyekiti wa chama. Uzinduzi ukasimama wiki tatu, mpaka Mheshimiwa Diwani alipokwenda mwenyewe, akampigia yule ofisa makofi, akamfundisha na kuitika.

Mnacheka. Nami nilicheka, mpaka nilipofika hapa leo nikaliona bango mlangoni. Palipokuwa na jina la Léonard pamebandikwa karatasi nyeupe. Nikamuuliza Ildefonsi. Akasema, "Kaka, nani mwingine angepeleka maneno kwa ofisa? Sisi wote ni wa hapa. Yeye ni mtu wa kupita. Aje atazame, lakini jina lake, hapana." Kisha akaniomba nihutubu mimi, kwa sababu ananiamini.

Ndugu zangu, ningeweza kunyamaza? Ningeweza sana. Pale pangebaki peupe, na filamu ijayo pengine pangeandikwa Reverien. Hilo nimelifikiria kutoka mlangoni mpaka kwenye kipaza sauti hiki. Ildefonsi, mdogo wangu, ni mimi. Léonard hakumwambia mtu lolote. Aliyekaa miaka mingi kambini anajua kuitwa ofisini ni nini kuliko sisi tunaocheka hapa. Yeye angekuwa wa mwisho kumtakia mwenzake hilo. Ulimi ni wangu, na wivu ni wangu mzima mzima.

Ildefonsi amesimama. Anapita mbele yangu bila kunitazama. Sawa, hilo ninalistahili. Anakwenda safu ya nyuma kabisa. Amemshika Léonard mkono, anamleta mbele, na viti vya mbele vimejaa.

Si vyote. Léonard, ndugu yangu, kaa pale penye koti langu, lisogeze tu. Mimi nitatazama nimesimama. Nisamehe leo, au nisamehe siku utakayokuwa tayari. Kibanda changu Kibondo unakijua.

Wengine wote, asanteni kwa kunitegea masikio. Zimeni taa. Na sauti ikianza, msicheke. Ni sauti nzuri. Nimesema mara moja, sirudii.