Anayechomwa Nusu Kaputi Huenda Wapi?

Kijiwe chetu kiko Mkunazini, kwenye baraza ya mshona kofia aliyehamia Chukwani akatuachia kivuli. Kila baada ya alasiri tunakutana hapo kwa kahawa anayotuuzia Mabrouk na, tangu miezi miwili nyuma, kwa ajili ya Safina. Hiyo ni tamthilia ya televisheni, ya chombo cha angani chenye watu elfu tatu waliogandishwa ndani ya masanduku, wanakwenda kwenye nyota watakayoifikia baada ya miaka mia na ishirini. Aliyetuambukiza ni Sabri Injinia, fundi mafeni. Yeye kasoma mpaka kitabu ilikotolewa, kurasa mia tisa, na anaapa humo hamna uchawi, ni hesabu tupu. Siku moja, kutuonesha vipi watu wa Safina wanakanyaga chini bila ya kuelea, alizungusha ndoo ya maji juu ya kichwa chake. Halikumwagika hata tone, mpaka alipotaka kuisimamisha. Tulirowa sote, tukaamini. Sijapata kufurahi kijiweni kama miezi hiyo miwili. Lakini jana limefunguliwa sanduku la kwanza, na aliyekuwemo hakuamka. Na kesho asubuhi mwenzetu Ubwa Chuma, mchukuzi wa magunia sokoni, anakwenda kuchomwa nusu kaputi apasuliwe ngiri.

UBWA: Injinia, yule mtu wa jana, kitabuni huamka baadaye?

INJINIA: Haamki.

UBWA: Hata kidogo?

INJINIA: Yakhe, kuamka hakuna kidogo. Kitabu kishapiga hesabu. Katika kila watu mia tano, mmoja haamki. Ndo sayansi hiyo, haina muhali na mtu.

Nilimkanyaga mguu. Hakufahamu, akaniuliza mbona namkanyaga. Hapo akaingilia Yussuf, ambaye tunamwita Kadhi ingawa chuo cha Kurani alikitoroka kabla ya kumaliza juzuu ya pili.

KADHI: Usimtishe mwenzio. Huyu halali miaka mia, analala saa moja tu. Wahenga washasema, aliye juu mngoje chini.

UBWA: Maana yake nini hapa?

KADHI: Maana yake utashuka.

UBWA: Ntashuka kutoka wapi?

KADHI: Ndo suala lenyewe hilo.

Akanywa kahawa yake taratibu.

INJINIA: Kitabuni kuna daktari wa Safina, anasema anayeamka si yule aliyelala. Ubongo ukisimama, ushasimama. Anayefungua macho ni mtu mpya, kapewa kumbukumbu za yule wa zamani. Mwenyewe hajijui.

UBWA: Sasa mke wangu ataishi na nani?

KADHI: Hapo itabidi ndoa ifungwe upya.

MIMI: Na wakati je? Mle ndani saa moja, kumbe huku nje ishapita miaka. Si ndivyo ilivyo kwenye Safina?

Sijui kwa nini nililisema hilo. Kijiweni mtu huona haya kukaa bila ya kuchangia.

KADHI: Skizeni, mie nna kubwa zaidi. Roho ikitoka inakitia alama kitanda. Wakikuhamisha kitanda kingine, inarudi pale pale, inamwingia mgonjwa mwengine. Weye unabaki kiwiliwili.

UBWA: Nani kakwambia?

KADHI: Mtu wa Ng'ambo.

Hakuna aliyecheka. Ubwa akamrudishia Mabrouk kikombe hajakimaliza.

UBWA: Miaka ishirini na mbili nnabeba magunia. Nishaangukiwa na rundo zima, sikuogopa. Sasa nnaogopa kulala. Wallahi nnaogopa. Siendi.

MIMI: Daktari si alisema utumbo ukinyongeka hutofika hata mlangoni mwa hospitali?

UBWA: Bora nife macho.

KADHI: Basi usende. Subira huvuta heri.

Nilikuwa nawaza yule mtu wa sandukuni, wenzake wamemzunguka, wanamwita jina.

Ndipo akatokea Bi Tabia, mkewe Ubwa. Wanawake hutusalimu hapo wakapita. Yeye alisimama, kanga mbili za kwenda nazo hospitali zimekunjwa mkononi.

TABIA: Asalaamu alaykum.

SOTE: Waalaykumu salaam, Bi Tabia.

TABIA: Ubwa, wamepiga simu. Usile kitu baada ya ishaa.

UBWA: Siendi.

TABIA: Kwani?

Injinia ndiye aliyemweleza: Safina, masanduku, mmoja katika mia tano, mtu mpya mwenye kumbukumbu za zamani. Bi Tabia aliyasikiliza yote mpaka mwisho. Mimi nilingoja atucheke, na ningefurahi angetucheka.

TABIA: Mie nshachomwa nusu kaputi mara tatu. Wanu, Salhiya na huyu mdogo, wote nliwazaa kwa kupasuliwa.

Mabrouk akaliweka chini birika.

TABIA: Mara ya kwanza nliogopa mpaka meno yakagongana. Ya tatu nliogopa zaidi, maana hapo nshaijua. Unaambiwa uhesabu. Unafika nne, halafu hamna kitu. Hata kiza hamna.

INJINIA: Hamna kitu kabisa?

TABIA: Hamna. Kisha nkaamka nna kiu.

UBWA: Hukuniambia.

TABIA: Hukuniuliza. Mara zote tatu nkizinduka naambiwa uko kijiweni, na hawa wenzio.

Akatutazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira.

TABIA: Hebu nambieni. Siku hizo mlikuwa mkizungumza nini?

Injinia, anayejua uzito wa Safina na mafuta yake, akamgeukia Kadhi. Kadhi akanigeukia mimi. Mimi nilijitahidi kukumbuka. Nakumbuka Ubwa alicheka sana siku aliyozaliwa yule mdogo, tena akatununulia sote kashata. Alichokicheka sikijui.

Bi Tabia alingoja jibu kwa kweli, si kwa kutusuta. Alipoona halitoki, akashika njia.

Ubwa akainuka, mkono tumboni, akamfuata bila ya kutuaga. Alipomfikia akazipokea zile kanga. Tukamsikia akimuuliza, kwa sauti ndogo tusiyoijua, mara ya kwanza ilikuwaje.