Mwalimu Kobina Essel, Mkumbushaji wa Nyuma ya Pazia

Mwalimu Kobina Essel alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, mjini Saltpond, mtoto wa tatu wa Mzee Ato Essel na Mama Ekua Baidoo. Alisoma shule ya misheni hukohuko, kisha akahitimu ualimu mwaka 1971.

Kwa miaka thelathini na minane alifundisha uigizaji Cape Coast. Jina lake halikuonekana kwenye mabango, maana kazi aliyoipenda ilikuwa ya mkumbushaji: kuketi nyuma ya pazia na mswada, kumnong'oneza mwigizaji aliyesahau. Wanafunzi wapya aliwaanzisha kwa pande za jukwaa. "Kulia ni kwako wewe unayetazama watu, si kwao. Ukikosea hapo, utagongana na mwenzako."

Kulia huko ndiko kulikompatia mke. Mwaka 1976 Araba Quansah, fundi cherehani aliyeshona maleba, alisaidia kubeba kiti cha chifu, akakiweka upande usio wake.

"Kulia, dada! Nimesema kulia!"

"Kulia kwa nani? Wewe umekaa huko, mimi nimesimama huku. Njoo ubebe mwenyewe!"

Alikwenda, akabeba. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1977.

Mwaka 2021 saratani ya koo ilimnyang'anya sauti. Tuseme kweli, hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Hata hivyo, Novemba 2022 alirudi nyuma ya pazia kwenye mchezo wa wanafunzi. Adwoa, aliyeigiza malkia, alisahau maneno. Akageukia pembeni kutafuta mnong'ono, na mnong'ono haukuwapo. Mwalimu aliinua kiganja tu, ishara aliyowafundisha wote: kimya nacho ni uigizaji, usikikimbie. Adwoa akatulia, akavuta pumzi, maneno yakaja. Watazamaji walilia, wakidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa.

Alifariki nyumbani, Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Araba.

Ameacha mjane, watoto wawili, Ebo na Esi, wajukuu watano, na wanafunzi wengi ambao hadi leo wanajua kulia kwao ni wapi.

Anayesoma wasifu huu ni Esi. Tangu utotoni hajawahi kusema mbele za watu bila baba yake kuketi pembeni. Akinyamaza mahali, tunaomba asinong'onezwe. Maneno yatakuja.

Pumzika kwa amani, Baba.