Fundi wa Mtandao Aliyekosa Uhamisho

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake, kazi hii nzito ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye karibu wote mlimwita Fundi Waya, naye akiitika bila kinyongo.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1969, kifungua mimba kati ya watoto watatu, akaanza shule ya msingi mwaka 1977, akaendelea na sekondari, na mwaka 1990 akahitimu chuo cha ufundi, fani ya umeme, akiwa ameshaua redio mbili za baba na kufufua moja.

Aliajiriwa idara ya maji Februari 1991, na mwaka 1999 akakabidhiwa mtandao wa kompyuta, ambao enzi hizo ulikuwa waya mmoja uliopita chumba hadi chumba, ukikatika mahali pamoja ofisi nzima inalala, basi akaung'oa wote, akaipa kila kompyuta waya wake na anwani yake, waya zote zikaishia kwenye swichi moja ndani ya chumba kisicho na dirisha, swichi ikawa inapokea ujumbe, inasoma anwani na kuupeleka kwa mwenyewe tu, na ujumbe wa kwenda nje ukapitia ruta, mlango wa pekee. Kazi safi, lakini tuseme kweli hata msibani: kwa maringa ya ufundi hakuweka alama kwenye waya hata mmoja, zote za kijivu, akidai zimo kichwani.

Tarehe 14 Desemba 2002 alifunga ndoa na mwalimu wa mji wa jirani, wakajaliwa mabinti wawili, na tangu hapo alichotaka duniani ni uhamisho tu, alale nyumbani kwake kama waume wengine. Meneja akamtaka kwanza apatikane wa kumrithi, akaletwa msaidizi, na siku ile ile marehemu alipofika kwa mkewe likizoni, yule bwana, asijue waya upi ni upi, akachomeka waya mmoja ncha zote mbili kwenye swichi, ujumbe ukazunguka humo bila pa kutokea, mtandao ukafa, na marehemu akaitwa arudi kabla hajanywa chai. Loo! Kila alipoomba tena alikumbushwa siku hiyo, na mkewe, shemeji yetu, akamwambia waziwazi kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Alicheka, lakini mimi niliyekuwa nikimpelekea chakula kwenye kile chumba nilimwona alivyonyong'onyea, na iliniuma. Watoto wamekua wakimwita baba wa Jumamosi.

Juni 2021 alianza kuugua figo, akaanza kuziwekea waya alama, nguvu zikamwishia katikati, na hata wodini alikuwa akiwaelekeza kwa simu waya wa mhasibu ni upi, hadi tarehe 9 Agosti 2023, saa nne asubuhi, alipofariki mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari, na yule muuguzi aliyekuwa akimfichia simu ili alale, majirani mliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao simu yenu kwa marehemu imeita tangu jana, tumesikia mtandao umelala, poleni sana, fuateni waya mmoja mmoja hadi mwisho wake kama alivyofanya yeye.

Tukitoka hapa tunampeleka kwa mkewe, atazikwa nyuma ya nyumba yao, na simu yake tumeizima. Pumzika kwa amani, kaka.