Mvuta Bangi wa Kwenye Televisheni

Feri kutoka Mfangano ilikuwa inakaribia Mbita, na mwalimu kijana alikuwa bado anasimulia drama ya jana kwenye televisheni: jamaa kavuta bangi kali, kamaliza mkate mzima, kisha kaanza kumwomba mbuzi msamaha. Alisimulia vizuri. Teresa, aliyeketi kando, alikuwa karibu acheke.

"Ndivyo walivyo, mama," mwalimu alimwambia mwanamke aliyekaa mbele yake, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. "Wanavuta, wanakula, wanalala."

"Hiyo ilikuwa bangi ya kitambo," alisema mama wa omena. "Ya siku hizi inaharibu kichwa, mwalimu."

"Mbona basi hawaonyeshi?"

"Nani atakaa chini kutazama mgonjwa?"

Teresa akamtazama kaka yake Willis, aliyeketi upande wake wa pili. Alikuwa anampeleka hospitali, Homa Bay. Tangu aanze kuvuta hiyo bangi kali, Willis husikia msomaji wa habari akimwita kwa jina, na televisheni yao nyumbani imegeuzwa ikaelekea ukutani.

Mwalimu akamgeukia Willis. "Na nyinyi kwenu, bro, mnatazama nini?"

"Sisi hatutazami," Willis alimjibu kwa adabu. "Hiyo ndiyo inatutazama sisi."

Mwalimu akacheka hadi akafuta machozi. Mama wa omena hakucheka. Feri ikagusa gati, na Teresa akamshika kaka yake mkono.